Kokasi ya mtaa, kuwa mjumbe wa chama au mchujo wa Agosti: ukiwa Minnesota muda wako mdogo uupeleke wapi

Kila mwaka wa uchaguzi ikishafika Januari simu yangu inaanza. Ndugu na jamaa wa huku Minnesota, hasa upande wa Brooklyn Park na Brooklyn Center ambako watu wa Afrika Mashariki ni wengi, wananiuliza swali lile lile kwa namna tofauti: dada hii kokasi ndo nini, ni lazima, na si nikisubiri kura ya mchujo ya Agosti inatosha? Wengi wamekula kiapo cha uraia juzi juzi tu, hamu wanayo, lakini mtu ana shifti mbili, watoto wadogo, na nje baridi ya Februari inauma masikio. Kumwambia mtu kama huyo "nenda kote" ni kumkosea heshima, muda wake anaujua mwenyewe unavyokwisha.

Mimi nimepita njia zote tatu. Kuna mwaka nilienda kokasi nikarudi zangu nyumbani, mwaka mwingine nikachaguliwa mjumbe nikakaa mikutanoni kutwa nzima, na kuna mwaka nilikuwa nimetoka kujifungua nikasubiri mchujo tu. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya yule aliye njia panda, aone kila njia inampa nini na inamdai nini.

Tuelewane majina kwanza. Kokasi ni kikao cha chama cha mtaani kwako, wanaokaa eneo moja la kupigia kura wanakutana jioni moja shuleni, kanisani au ukumbi wa jamii. Kinaitishwa na chama chenyewe, siyo serikali. DFL (hao ndo Demokrati wa Minnesota, herufi hizo zinabeba wakulima na wafanyakazi ndani ya jina) wanakaa kwao, Republican wanakaa kwao, jioni ile ile. Mnachagua viongozi wa chama wa mtaa, mnachagua wajumbe wa kwenda mkutano wa juu, mnapitisha maazimio, na mwaka wa kuchagua gavana kunakuwa na kura ya kupima upepo. Rais hapigiwi tena kura pale. Mara ya mwisho ilikuwa Machi 1, 2016, upande wa DFL peke yake walitokea watu zaidi ya 200,000, foleni zikatoka nje ya milango, paki zikajaa, watu wakakata tamaa wakarudi makwao, na mwaka huo huo bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwa na mchujo wa urais ambao ulianza kutumika Machi 3, 2020. Kuna watu bado wanadhani kokasi ni kwenda kumchagua rais, wakifika hawaioni hiyo karatasi wanaona wamedanganywa.

Njia ya pili ni kuendelea kutoka pale kama mjumbe. Unaenda mkutano wa wilaya ya seneti au kaunti, ukichaguliwa tena unaenda wa wilaya ya Kongresi na wa jimbo zima. Huko ndiko chama kinapoamua kumpa nani baraka zake, yaani kutangaza kwamba huyu ndo mtu wetu, na kwa kawaida anayezitaka lazima afikishe asilimia 60 ya kura za wajumbe.

Ya tatu ni mchujo, unaendeshwa na serikali kama uchaguzi wowote, Jumanne ya pili ya Agosti. Kwa mfano ratiba ya 2026 iliweka kokasi Jumanne Februari 3 na mchujo Jumanne Agosti 11. Mshindi wa mchujo ndo anakwenda Novemba kwa jina la chama, awe alipewa baraka au hakupewa.

Vitu nitakavyolinganisha ni vitano: karatasi zako za uhamiaji, muda na ruhusa kazini, sauti yako ina uzito gani, nani anajua ulichofanya, na lugha pamoja na watoto. Bei ya pesa sikuiweka manake karibu haipo. Kwenye kokasi niliyohudhuria mimi ilipitishwa bahasha ya mchango, aliyeweka aliweka, asiyeweka hakuulizwa.

Karatasi zako

Hapa sitaki mtu akosee. Mchujo ni kura ya serikali: lazima uwe raia wa Marekani, una miaka 18, umekaa Minnesota siku 20. Aliyewahi kufungwa siku hizi anaruhusiwa akishatoka gerezani, hata kama bado ana muda wa uangalizi, sheria hiyo ilianza Juni 2023. Mwenye grinikadi haruhusiwi, na akipiga anaweza kuharibu kesi yake ya uraia au kurudishwa kabisa alikotoka. Usimsikilize anayekwambia "mbona fulani alipiga na hakuna kilichotokea."

Kokasi ina masharti yanayofanana na hayo: ili upige kura mle ndani au uchaguliwe mjumbe lazima uwe mtu atakayekuwa na haki ya kupiga kura uchaguzi mkuu unaofuata, unakaa eneo hilo, na unakubaliana kwa ujumla na misimamo ya chama hicho. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 atakayetimiza 18 kabla ya siku ya Novemba anaingia kokasi na anahesabika, wakati mchujo wa Agosti utampita kama bado hajafikisha. Mwanangu mkubwa alianzia hapo hapo, Februari akachagua wajumbe, Agosti akakaa nyumbani, Novemba akapiga kura.

Mlangoni kuna karatasi ya kusaini inayosema unatimiza masharti. Isome kabla ya kushika kalamu. Mume wangu kabla hajapata uraia aliwaambia mapema "mimi ni mtazamaji tu", akakaa kiti cha pembeni akasikiliza bila kusaini chochote na bila kunyoosha mkono. Kama kesi yako ya uhamiaji iko mezani, hata hilo ongea kwanza na mwanasheria wako.

Muda na ruhusa kazini

Kokasi inaanza saa moja usiku (saba ya kwao) na kisheria inatakiwa ibaki wazi angalau saa moja. Ya kwangu ilichukua kama saa moja na nusu, nyingine zinafika saa mbili na nusu kukiwa na ushindani. Ni jioni moja tu na haina kura ya mapema, ukiikosa imekwenda, ingawa upande wa DFL kuna fomu ya asiyehudhuria, unamtumia jirani aipeleke ili jina lako lifikiriwe kwenye ujumbe.

Kitu ambacho watu wetu hawakijui ni kwamba sheria ya Minnesota inakupa haki ya kutoka kazini kwenda kokasi. Masharti ni mawili, umwandikie mwajiri barua angalau siku 10 kabla, na anaweza kukata mshahara wa yale masaa usiyofanya, ila kukuadhibu hawezi. Mimi niko kwenye nyumba ya wazee, shifti yangu inaanza jioni. Nilipompelekea supavaiza barua aliisoma mara mbili, akanijibu hajawahi kusikia kitu kama hicho, nikamwomba aulize juu, kesho yake akaja kaniandika ofu. Tena jioni hiyo shule za umma haziruhusiwi kuweka shughuli baada ya saa kumi na mbili, na mabaraza ya miji hayakai vikao, kwa hiyo mechi ya mtoto haitagongana na kokasi.

Mchujo ndo rahisi kuliko zote. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, ukiwa kazini unaruhusiwa kutoka kwa muda unaohitajika kupiga kura na mshahara haukatwi. Zaidi ya hapo kura ya mapema inaanza siku 46 kabla, kwa posta au kwenda mwenyewe, kwa mchujo wa Agosti 11 inamaanisha tangu Juni 26. Hujajiandikisha? Unajiandikisha pale pale siku ile ukiwa na uthibitisho wa anwani, na hata usipokuwa nao jirani aliyejiandikisha eneo hilo anaweza kukuapia kwamba unakaa pale. Kwa wanaofanya dabo shifti hakuna kinachoshinda hiyo.

Ujumbe ndo unakula muda, niseme ukweli. Mkutano wa kwanza nilifika saa mbili asubuhi nikatoka jua linazama, Jumamosi nzima, na ukichaguliwa kwenda juu unaongeza wikiendi nyingine, na mkutano wa jimbo unaweza kuwa mji wa mbali hivyo hoteli na mafuta ni mfukoni kwako. Ruhusa ya kazini ipo kwa wajumbe pia, kwa taarifa ile ile ya siku 10 na mshahara kukatwa, lakini kwa mtu anayelipwa kwa saa kukatwa Jumamosi mbili siyo jambo dogo.

Sauti yako ina uzito gani

Hapa ndipo penye utamu na pia penye kuchanganya, nitakaa kidogo.

Nikuelezee chumba chetu. Kantini ya shule, sakafu imelowa theluji ya viatu, kila meza ina karatasi iliyoandikwa namba ya eneo kwa kalamu ya rangi. Meza yetu tulikuwa 14. Nafasi za wajumbe zilikuwa tisa, waliotaka walikuwa saba. Hakukuwa na kura wala kampeni, yule mama mwenyekiti aliuliza "nani anataka", tukanyoosha mikono, akaandika majina saba, basi. Nimekulia Tanzania, nimeona kura za maoni za chama, nakumbuka 2020 ule msemo wa "wajumbe siyo watu" ulivyozagaa wagombea walipoanguka, na kule mjumbe ni mtu mkubwa unayemfuata nyumbani kwake. Huku nilikuwa mjumbe kwa kunyoosha mkono saa moja na dakika arobaini usiku, kwa sababu tu nilitokea na wengine hawakutokea. Mpaka leo nikilikumbuka hilo nasisimka.

Halafu kuna maazimio. Ni fomu ya ukurasa mmoja, juu unaandika "kwa kuwa" na sababu zako, chini "iazimiwe kwamba" na unachotaka chama kisimamie. Mimi niliandika kuhusu malipo ya wahudumu wanaohudumia wagonjwa majumbani wanaolipwa kupitia Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), kwa sababu nusu ya wanawake ninaosali nao wanafanya kazi hiyo na wanaondoka kwenda maghala kwa sababu ghala linalipa zaidi. Nilisoma kwa sauti ikitetemeka, mzee mmoja mkulima mstaafu akaniuliza mkewe anahudumiwa na nani kama nyie mkiondoka wote, akalijibu swali lake mwenyewe, wakapitisha. Kwenye mkutano uliofuata halikupata kura za kutosha, likaishia hapo. Lakini mwaka uliofuata mgombea mmoja alinipigia simu kuniuliza habari za kazi hiyo, alikuwa ameliona azimio kwenye orodha. Karatasi ya mchujo haina sehemu ya kuandika "kwa kuwa", ina majina tu na wewe unachagua kati ya hayo.

Sasa upande wa pili wa mizani. Kokasi na mikutano ya wajumbe zinatoa baraka, hazitoi uteuzi wa mwisho. 2010 wajumbe wa DFL walimpa baraka Margaret Anderson Kelliher, Mark Dayton hakuzihangaikia, akaenda moja kwa moja mchujo wa Agosti akashinda, akawa gavana. 2018 wajumbe walimpa Erin Murphy, Tim Walz akamshinda kwenye mchujo, akawa gavana. Mwaka huo huo Republican walimpa Jeff Johnson, wengi wakadhani Tim Pawlenty aliyewahi kuwa gavana atamfagia, na ni Johnson aliyeshinda mchujo. Kwa hiyo baraka zinaweza kutosha na zinaweza zisitoshe, neno la mwisho ni la Agosti. Mwenye muda wa kitu kimoja tu na anataka kura inayoamua, mchujo unamtosha.

Ila kuna mtego hapo. Minneapolis na Saint Paul kwa viti vya jiji wanatumia kura ya kupanga kwa namba, huyu wa kwanza huyu wa pili, na hakuna mchujo wa Agosti wa meya wala wa diwani. Kwa uchaguzi wa jiji kama huo kokasi na mkutano wa chama ndo hatua pekee kabla ya Novemba. Mtu akikaa anasubiri mchujo wa meya wa Minneapolis atasubiri kitu ambacho hakipo.

Ndugu zetu Wasomali walilielewa hili mapema. 2013 kule kata ya 6 ya Minneapolis walijitokeza kwa wingi kwenye hatua za chama, Abdi Warsame akapata baraka za DFL, Novemba akamwondoa diwani aliyekuwepo. Februari 4, 2014 kokasi ya mtaa wa Cedar-Riverside, huko huko Minneapolis, iliyofanyika ukumbi wa Brian Coyle Center ilijaa kupita kiasi, ikazuka vurugu, ikasimamishwa usiku ule, na hilo pia lisemwe kwa sababu kokasi yenye ushindani mkali siyo ile meza ya watu 14. Halafu 2016 kiti cha ubunge wa jimbo cha eneo hilo hilo, Phyllis Kahn alikikalia tangu 1973, mkutano wa wajumbe ulishindwa kumpa yeyote asilimia 60, ikabidi mchujo wa Agosti 9 uamue, na aliyeshinda ni Ilhan Omar, aliyekaa utotoni miaka minne kambi ya wakimbizi Kenya. Mtaa ule ule, mara moja kokasi iliamua, mara nyingine mchujo. Na kwetu Brooklyn Park, Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley alichaguliwa mbunge wa wilaya ya 38A, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia bunge la Minnesota. Kiti cha bunge la jimbo ni kidogo, ukiwajua wapiga kura wako mia chache tayari una pa kuanzia, na wengi wa hao mia chache huanza kujuana usiku wa Februari.

Nani anajua ulichofanya

Mchujo ni siri. Minnesota hatujiandikishi kwa chama, karatasi ya Agosti ina safu za vyama vyote, unachagua safu moja ukiwa peke yako na hakuna anayeandika ulichagua ipi. Angalia tu usichanganye, ukiweka alama safu mbili za vyama tofauti kura zako za vyama zinaharibika. Mama mkwe wangu mara ya kwanza alitaka kumchagua mmoja huku na mmoja kule kwa sababu wote aliwaona watu wazuri, bahati nzuri tulikuwa tumeliongelea kwenye gari. Mchujo wa urais wa Machi ni tofauti, unaomba karatasi ya chama na chaguo lako la chama linapelekwa kwa wenyeviti wa vyama. Uliyempigia bado ni siri, lakini chama ulichoomba kinajulikana kwao.

Kokasi hakuna kujificha. Jina, anwani na simu viko kwenye karatasi ya chama, majirani wanaona mkono wako uko wapi, na baada ya hapo meseji za wagombea zinaingia mpaka Novemba. Kama unafanya biashara na watu wa pande zote, au kanisani na msikitini kwenu siasa imeshagawa watu, hilo lipime. Mjumbe ndo zaidi, majina ya wajumbe wagombea wanayapata, nilipigiwa simu wiki nzima na watu wanaotaka kunywa kahawa na mimi. Kwenye mkutano wa DFL kuna hatua watu wanasimama wanakwenda kona za ukumbi kulingana na mgombea au jambo wanalosimamia, unahesabiwa ukiwa umesimama hapo hapo mbele ya rafiki yako aliyesimama kona nyingine. Kwa wengine hilo ni raha, mimi nililipenda, dada yangu aliona ni mateso.

Lugha na watoto

Kokasi ni Kiingereza cha haraka chenye maneno ya vikao, hoja, kuunga mkono, pingamizi. Lakini ni meza ya majirani, ukinyoosha mkono ukisema sijaelewa mtu anakueleza, mimi nilifanya hivyo mara tatu na hakuna aliyechukia. Watoto unakwenda nao, wangu walichora na penseli za rangi chini ya meza. Mkutano wa wajumbe ni mgumu kwa watoto kwa sababu ya urefu, hapo tafuta wa kukuachia.

Kwenye mchujo kama kusoma Kiingereza ni shida una haki ya kuingia na mtu wa kukusaidia uliyemchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wako au mtu wa chama chako cha wafanyakazi. Mama mkwe niliingia naye, nikamsomea majina taratibu kwa Kiswahili, akaweka wino mwenyewe kwenye viduara, akatoka na ile stika nyekundu ya "nimepiga kura" akaibandika kwenye khanga na akakataa kuivua mpaka Ijumaa.

Nani kinamfaa kipi

Kama wewe ni mtu wa shifti zinazobadilika, una kazi mbili, au ndo mara yako ya kwanza kabisa na unataka kuzoea, anza na mchujo, tena piga mapema Julai siku yako ya ofu. Vivyo hivyo kama unataka msimamo wako ubaki wako. Kura yako Agosti inahesabika sawasawa na ya mwenyekiti wa chama, na wapiga kura wa mchujo ni wachache kuliko wa Novemba kwa hiyo haipotei.

Kama una jambo moja linalokukereketa, malipo ya kazi yako, basi lisilofika kwenu, mkalimani hospitali, na unataka liingie kwenye masikio ya chama, kokasi ya usiku mmoja inakufaa kuliko yote. Andika azimio lako nyumbani, lisome kwa sauti mbele ya mtu, nenda nalo limeshachapwa. Huna deni la kuendelea baada ya hapo, ukiulizwa ujumbe sema hapana na utaheshimiwa.

Kama kuna mgombea unayemwamini na bado hajulikani, hasa wa bunge la jimbo au diwani, na wikiendi zako zina nafasi, chukua ujumbe. Mgombea wa namna hiyo hana pesa za matangazo, wajumbe 20 waliomjua kwa jina wanaweza kuwa tofauti ya kupata baraka au kukosa. Kama uko Minneapolis au Saint Paul na mwaka ni wa uchaguzi wa jiji, mimi ningeacha kusubiri Agosti kabisa nikaenda kokasi.

Familia yenye watu wazima wawili mnaweza kugawana, mmoja akakaa na watoto Februari na mwingine akaenda kokasi na maazimio yenu wote, halafu Agosti mkapiga wote. Sisi ndo tunavyofanya sasa. Kijana wa 17 mpeleke kokasi.

Kwa walioko Iowa, na najua Wakongomani wa Cedar Rapids, Iowa City na Des Moines ni wengi, mengi ya hapa yanafanana lakini siyo yote. Kwenu kokasi na mchujo vyote vinadai uwe umejiandikisha kwa chama, ingawa unaweza kujiandikisha au kubadili siku ile ile, na mchujo wenu ni Juni, siyo Agosti. Muulizeni karani wa uchaguzi wa kaunti kabla ya kufuata ratiba yangu.

Na kama bado huna uhakika utakwenda Februari au hutakwenda, peleka ile barua ya siku 10 kwa meneja wako hata hivyo. Mistari mitatu inatosha: jina lako, tarehe ya kokasi, na kwamba unaomba kutokuwepo ili kuhudhuria. Ukiamua kubaki kazini siku hiyo unabaki, barua haikufungi, lakini ukiwa hujaiandika na siku tisa zimebaki, hiyo haki ya mwaka huo huna tena.